Nimefuta video za GB 60, mbona nafasi haijarudi kwenye Btrfs?

Swali: “Natumia openSUSE Tumbleweed kwenye laptopu yenye SSD ya GB 256. Karibu diski yote ni patisheni moja ya Btrfs. Nahariri video, na ndani ya /home nina kompyuta pepe ya Windows ambayo faili lake ni GiB 40. Miezi michache iliyopita niliwasha snapper (programu inayopiga snapshoti, yaani picha za hali ya mafaili) kwa ajili ya /home na kuacha mipangilio kama ilivyokuja. Wiki hii nimefuta video za takriban GB 60, nikamwaga na takataka zote, lakini df (amri inayoonyesha nafasi ya diski) haikutikisika. Nikapima kwa du (amri inayojumlisha ukubwa wa mafaili) folda zote, jumla ikawa GiB 126, ilhali df inadai zimetumika GiB 227. Nikashauriwa niendeshe defragment, nafasi ikapungua zaidi. Sasa hata faili dogo halihifadhiki, naambiwa ‘No space left on device’, na df bado inaonyesha GiB 9 ziko wazi. Je, diski imekufa? Nifomati?”

Hapana, usifomati. Hakuna chochote katika maelezo yako kinachoonyesha diski mbovu. Umekumbana na mambo mawili tofauti yaliyotokea kwa pamoja, na ndiyo maana namba zinaonekana kupingana. La kwanza ni kwamba video ulizofuta bado zimeshikiliwa na snapshoti. La pili ni kwamba sehemu ya diski inayohifadhi kumbukumbu za mfumo wa faili wenyewe imejaa, ingawa sehemu ya data ina nafasi. Kila moja lina tiba yake, na ukizichanganya tiba unaweza kujiongezea taabu, kama defragment ilivyofanya.

Kabla ya yote, acha kuandika kwenye diski hiyo. Zima kompyuta pepe, funga programu ya kuhariri, kisha nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje. Kusoma hakuhitaji nafasi, kwa hiyo kunakili kutoka diski iliyojaa kunawezekana. Usiendeshe kabisa `btrfs check --repair`. Amri hiyo ni ya kutengeneza mfumo ulioharibika, na ikitumiwa kwenye mfumo mzima unaokosa nafasi inaweza kuleta uharibifu ambao haukuwepo.

Sasa tuone kwa nini kufuta hakukurudisha nafasi. Btrfs, iliyoanzishwa na Chris Mason mwaka 2007 alipokuwa Oracle na kuingia kwenye kerneli ya Linux 2.6.29 mwaka 2009, ni mfumo wa faili wa “nakili unapoandika”. Ukibadilisha sehemu ya faili, haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika data mpya mahali pengine palipo wazi, kisha inahamisha rejeo la faili lielekee huko. Kipande cha zamani huachiwa pale tu ambapo hakuna rejeo hata moja linalokielekea. Snapshoti ni seti kamili ya marejeo hayo kama yalivyokuwa dakika ilipopigwa. Inapoundwa haichukui karibu chochote, kwa sababu haikunakili data yoyote. Gharama yake huja baadaye: kila unachofuta au kubadilisha kwenye /home, toleo la zamani linabaki diskini kwa sababu snapshoti bado inalielekea.

Kwa hiyo `rm` na pipa la takataka vimeondoa majina ya video zako kwenye /home ya leo tu. Tazama mipangilio ambayo snapper huja nayo unapoiundia usanidi mpya: TIMELINE_CREATE ni “yes”, halafu huhifadhi snapshoti 10 za saa, 10 za siku, 10 za mwezi na 10 za mwaka. Video iliyokuwepo snapshoti ya kwanza ya mwezi ilipopigwa inaweza kuendelea kukalia diski kwa miezi kumi baada ya wewe kuifuta. Kwa folda ya hati na barua mipangilio hiyo ni mizuri sana. Kwa mtu anayehariri video kwenye SSD ya GB 256 haifai hata kidogo, na si kosa lako kwamba hakuna onyo lililokufikia.

Defragment nayo ilifanya kazi yake sawasawa, ila katika mazingira yasiyofaa. Hulichukua faili lililotawanyika na kuliandika upya mahali pamoja. Nakala hiyo mpya haishirikiani tena na snapshoti, kwa kuwa snapshoti zinaelekea vipande vya zamani. Faili la kompyuta pepe hutawanyika kuliko faili lolote, maana Windows huliandika hapa na pale kila sekunde. Ukiliandika upya lote, umelipa GiB 40 mara mbili. Ushauri wa kuendesha defragment ili kupata nafasi ni wa mifumo mingine. Kwenye Btrfs yenye snapshoti matokeo yake ni kinyume.

Piga hesabu uone inavyofunga. GB 60 za video ni kama GiB 56, kwa sababu watengenezaji huhesabu kwa elfu na zana za Linux huhesabu kwa 1024 (ndiyo sababu SSD yako ya GB 256 inasomeka kama GiB 238). Ongeza GiB 40 za defragment, unapata 96. Tofauti kati ya 227 za df na 126 za du ni 101. Ukitoa GiB nne na ushee zinazoliwa na metadata (zile kumbukumbu za mfumo wa faili wenyewe), ambayo du haiioni kabisa, inabaki karibu 97. Hakuna kilichopotea.

Kuhusu du yenyewe, ijue tabia yake. Hutembea kwenye folda na kujumlisha ukubwa wa mafaili inayokutana nayo. Ukiiendesha na `-x` husimama kwenye mpaka wa kila subvoliumu (sehemu ya Btrfs inayoonekana kama folda lakini inajitegemea), hivyo haiingii kwenye .snapshots, folda ambamo snapper huweka snapshoti. Ukiiendesha kwa sudo bila `-x`, itaingia humo na kuhesabu data ileile mara nyingi kadiri ya idadi ya snapshoti, ikupe jumla kubwa kuliko diski yenyewe. Namba zote mbili ni sahihi kwa swali ambalo hukuuliza. Chombo cha kutegemea hapa ni hiki:

`sudo btrfs filesystem usage /`

Kwa hali uliyoieleza, nategemea uone kitu kinachofanana na hiki:

```
Device size:         237.00GiB
Device allocated:    236.99GiB
Device unallocated:    1.00MiB
Global reserve:      352.00MiB
Data,single:   Size:231.93GiB, Used:222.60GiB
Metadata,DUP:  Size:2.50GiB,   Used:2.14GiB
```

Mstari wa kwanza kuutazama ni “Device unallocated”. Btrfs hukata diski mafungu makubwa kabla ya kuyatumia, na kila fungu lina matumizi yake: data au metadata. Fungu la data kwa kawaida ni GiB 1. La metadata huwa MiB 256 kwenye mfumo mdogo na hufika GiB 1 kwenye mkubwa, na kwa kuwa una diski moja huandikwa nakala mbili, ndiyo maana ya DUP. Fikiria shamba lililokwisha kupimwa lote viwanja. Kiwanja cha makazi kikiwa nusu tupu, huwezi kukipitishia barabara mpaka umehamisha waliomo na kukirudisha kuwa shamba. Diski yako imepimwa yote. Mafungu ya data yana GiB 9.33 wazi ndani yake, na hizo ndizo df inazokuonyesha. Metadata haina fungu jipya la kuchukua.

Lakini metadata inaonyesha 2.14 kati ya 2.50, utasema, si bado kuna nafasi? Hapo ndipo wengi hukwama. Ile “Global reserve” hukatwa ndani ya metadata hiyohiyo. Ni akiba ambayo mfumo hujiwekea kwa kazi za dharura, hata kufuta faili, na inaweza kufika MiB 512. Toa MiB 352 kwenye MiB 368 au 369 zilizobaki, unabakiwa na MiB 16 hivi. Kila faili, hata la neno moja, linahitaji kuandikiwa jina, tarehe, hundi ya usahihi na rejeo, na vyote hivyo ni metadata. Mafaili madogo kabisa, ya hadi baiti 2048, data yao yenyewe huwekwa humo humo. Ndiyo maana faili dogo linakataa wakati GiB 9 zinakutazama.

Tuanze tiba kwenye snapshoti, kwa kuwa ndizo zilizoshika nafasi kubwa. Ziorodheshe:

`sudo snapper -c home list`

(Kama usanidi wako una jina jingine, `snapper list-configs` itakutajia.) Ukitaka kujua kila moja imeshika kiasi gani, endesha `sudo btrfs filesystem du -s /home/.snapshots/*/snapshot`. Soma safu ya “Exclusive” kwa uangalifu. Inaonyesha data iliyoshikwa na snapshoti hiyo peke yake. Video iliyomo kwenye snapshoti ishirini haitaonekana kwenye Exclusive ya yoyote kati ya hizo, kwa sababu zinashirikiana. Watu huona MiB chache kila mstari, wakahitimisha kwamba snapshoti hazina hatia. Ili video irudishe nafasi, inabidi zifutwe snapshoti zote zilizopigwa kati ya siku ilipoingia diskini na siku ulipoifuta. Vivyo hivyo kwa faili la kompyuta pepe: zote zilizotangulia ile defragment.

Hapa kuna uamuzi ambao ni wako. Kufuta snapshoti ni kupoteza uwezo wa kurudisha matoleo ya zamani ya kila kitu kilichomo, si video tu. Kama kuna hati uliyoiharibu mwezi uliopita na bado unaihitaji, ingia /home/.snapshots/, uitoe kwanza uipeleke kwenye diski ya nje. Ukisharidhika, futa kwa mfululizo, ukianzia za zamani:

`sudo snapper -c home delete --sync 1-34`

Weka namba zako mahali pa hizo. Usiache `--sync`. Bila hiyo amri hurudi mara moja huku usafishaji ukiendelea nyuma ya pazia, pengine kwa dakika nyingi, na mtu hutazama df akadhani haikufanya kazi. Usifute kwa `rm -rf` ndani ya .snapshots, maana snapshoti za snapper ni za kusoma tu na rm itakataliwa.

Ikiwa snapper nayo itakataa kwa kukosa nafasi, jaribu kufukuza mafungu matupu au yanayokaribia kuwa matupu:

`sudo btrfs balance start -dusage=0 /`

kisha `-dusage=5`, kisha 10. Namba hiyo ni asilimia: 10 ina maana “chukua tu mafungu ya data yaliyojaa chini ya asilimia 10, hamishia yaliyomo kwenye mafungu mengine, uyarudishe kuwa nafasi isiyogawiwa”. Ukipata hata GiB 1 isiyogawiwa, metadata itaweza kuchukua fungu jipya na kufuta kutaendelea. Unaweza pia kupunguza mzigo kwa `sudo journalctl --vacuum-size=100M` na `sudo zypper clean --all`. Kwenye openSUSE ya kawaida /var ni subvoliumu ya peke yake isiyopigwa snapshoti, kwa hiyo kinachofutwa huko huachiwa kweli. Hiyo itaongeza nafasi ndani ya mafungu ya data, nayo balance itakuwa na pa kuhamishia.

Balance ikigoma pia, ipo njia ya kuongeza kifaa cha muda. Chukua diski ya nje au flashi nzuri ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu unachohitaji, kwa sababu itafutwa. Tafuta jina lake kwa `lsblk`, na ulihakiki mara mbili. Halafu:

`sudo btrfs device add -f /dev/sdX /`

Endesha balance na ufutaji wa snapshoti kama hapo juu, kisha:

`sudo btrfs device remove /dev/sdX /`

Subiri amri hiyo ya mwisho imalize yenyewe ndipo uchomoe. Tangu unapoongeza mpaka unapoondoa, flashi hiyo ni sehemu ya mfumo wako wa faili. Ikichomoka katikati, unaweza kupoteza kila kitu. Chomeka chaja, hakikisha betri imejaa, na kama umeme wa kwenu hukatika ovyo, chagua saa tulivu. Usishawishike kutumia faili lililoko kwenye diski hiyohiyo au sehemu ya RAM mahali pa flashi. RAM ikizimika, kilichohamishiwa humo kimekwenda.

Baada ya kufuta snapshoti, rudia `btrfs filesystem usage`. “Used” ya data itakuwa imeshuka mno. Mafungu yaliyobaki matupu kabisa Btrfs huyarudisha yenyewe, lakini yenye mabaki hayarudi. Endesha balance ya data tena, safari hii kwa 30, ikibidi 50, mpaka “unallocated” ifike GiB 10 hivi. Kwa diski ya ukubwa wako hicho ni kiasi cha kukupa usingizi mzuri. Usiendeshe balance bila kichujio chochote, maana itaandika upya diski nzima kwa saa nyingi bila faida. Na usiguse metadata kwa `-musage`: ukibana mafungu ya metadata, unairudisha ileile hali iliyokuangusha.

Ikitokea snapshoti zimekwisha na bado namba hazifungi, kuna wahusika wengine wawili wa kuwachunguza. Mmoja ni faili lililofutwa huku programu ikiwa bado imelifungua. `sudo lsof +L1` itakuonyesha, na kuifunga programu hiyo kunatosha. Mwingine ni wa Btrfs yenyewe: kipande cha data kinaweza kufika MiB 128, na hakiachiwi kwa sehemu. Programu ikiandika upya kipande hicho karibu chote isipokuwa KiB 4, MiB 128 zote za zamani zinabaki diskini. Kwenye kompyuta pepe na hifadhidata hali hiyo hujikusanya kimyakimya. Programu ndogo iitwayo compsize hukuonyesha faili limekalia kiasi gani hasa. Hapa ndipo defragment ina maana, ilimradi faili hilo halimo kwenye snapshoti yoyote.

Sasa mipangilio, la sivyo utarudi hapohapo. Kwanza fungua /etc/snapper/configs/home, uweke TIMELINE_LIMIT_HOURLY kuwa 5, DAILY kuwa 7, MONTHLY na YEARLY kuwa 0. Utakuwa na wiki moja ya kurudi nyuma, ambayo kwa makosa ya kila siku inatosha.

Muhimu zaidi ni kutenga mafaili mazito. Snapshoti haishuki ndani ya subvoliumu iliyomo ndani ya nyingine, kwa hiyo tengeneza moja ya video:

`sudo btrfs subvolume create /home/jina/VideoKazi`

Rekebisha umiliki kwa chown, kisha ingiza video kwa `cp -a --reflink=always`, ambayo inashirikisha data ileile bila kula nafasi mpya, na ufute za awali. Snapshoti za /home zilizokuwa na video hizo zikishaondoka, video inayofutwa humo inaachia nafasi papo hapo. Kumbuka upande wa pili: ukiifuta kwa bahati mbaya, snapper haitakuokoa. Kama bekapu zako hufanywa kwa `btrfs send` ya /home, folda hii pia haitaingia mpaka uiongeze.

Kwa kompyuta pepe tengeneza subvoliumu nyingine, na kabla ya kuweka kitu ndani yake endesha `chattr +C` juu ya folda hiyo. Alama hiyo huzima tabia ya kunakili unapoandika kwa mafaili mapya yatakayozaliwa humo. Faili la zamani halibadiliki kwa kulihamisha tu. Zima Windows, linakili kwa `cp --reflink=never`, lijaribu, ndipo ufute la awali. Lakini +C ina bei: faili hilo halitakuwa na hundi za usahihi, hivyo Btrfs haitagundua data yake ikioza, na halitabanwa. Kwa Windows ya majaribio nakubali bei hiyo. Kwa hifadhidata ya wateja ningeacha hundi zifanye kazi na kuvumilia mtawanyiko. Na +C bila kuitoa kwenye snapshoti haisaidii sana, kwa kuwa kila snapshoti hulazimisha kunakili tena.

Utasikia pia ushauri wa kuwasha quota ili uone kila subvoliumu inatumia kiasi gani. Ni kweli quota hutoa takwimu nzuri, na SPACE_LIMIT ya snapper (kikomo cha nafasi ya snapshoti) huitegemea. Ila snapshoti zikiwa nyingi hupunguza kasi, hasa wakati wa kuzifuta. Kwa /home yako, mipaka midogo ya idadi inatosha.

Mwisho, yapo mazingira ya kumwona mtu ana kwa ana. Endesha `sudo btrfs device stats /`. Mistari yote inapaswa kuwa sifuri. Tazama pia `sudo dmesg | grep -i btrfs`. Ukiona “csum failed”, “parent transid verify failed” au “corrupt leaf”, hilo si tatizo la nafasi tena. Vivyo hivyo kama mfumo unajigeuza kuwa wa kusoma tu kila unapowasha, au kama video za mteja zimo kwenye diski hii peke yake na huna pa kuzinakili. Zima mashine, mtafute fundi anayefanya kazi na seva za Linux, umwulize mapema kama amewahi kushughulika na Btrfs. Kazi yake ya kwanza iwe kutoa nakala ya diski nzima kwenda diski nyingine. Akianza kwa kutaja kufomati au `--repair` kabla ya nakala hiyo, chukua laptopu yako uende kwa mwingine.